Jasho la dirisha: maji kwenye vioo viwili yanatoka wapi?

Tangu Sheria ya Awaab, ile inayowabana wenye nyumba za halmashauri na mashirika ya makazi kuhusu unyevu na kuvu, ianze kutumika hapa England tarehe 27 Oktoba 2025, ni nadra Waswahili wawili kukutana wakaachana bila kuzungumzia madirisha. Mmoja anasema mwenye nyumba sasa analazimika kubadilisha kila dirisha lenye maji. Mwingine anasema maji hayo ni ya mpangaji mwenyewe, apunguze kupika. Wa tatu ameshalipa mtu aje amtobolee vioo ili akaushe maji yaliyonaswa katikati. Wiki iliyopita mama mmoja wa Mombasa anayekaa mtaa wetu hapa Leicester aliniita chumbani kwake, akagusa kioo kwa kidole, tone likateremka mpaka kwenye mbao.

"Mwanangu," akaniuliza, "hiki kioo kinavuja?"

"Hapana, mama, hakivuji," nikamjibu. Lakini jibu hilo peke yake halimsaidii. Dirisha lake lilikuwa na maji ya aina mbili, kila aina ina asili yake, na ubao wa chini ulikuwa umeshaanza kulainika. Ndiyo sababu ya kukaa na kuandika haya. Nimeona watu wakitumia fedha zao kutibu ugonjwa ambao dirisha halina, na wengine wakikaripiwa kwa kosa ambalo si lao.

Tuanze na maneno, maana hapa Kiswahili chetu kinaweza kutuponza. Ukungu ni ule unaofunika milima ya Lushoto asubuhi, na ukungu ndio huohuo unaoota kwenye mkate uliosahaulika kabatini. Ukimwambia fundi "dirisha langu lina ukungu" hatajua aje na nini. Kwa hiyo nitatenganisha. Jasho ni maji yaliyokaa juu ya kioo, yale unayoweza kuyafuta kwa kidole. Ukungu ni ule weupe ulionaswa katikati ya vioo viwili, ambao kidole hakiufikii kutoka upande wowote. Kuvu ni madoa meusi yanayoota kwenye pembe za fremu, kwenye rangi na kwenye pazia.

Na dirisha la vioo viwili ni lipi? Sisi tuliokulia kwenye luva na kioo kimoja ndani ya alumini hatukulijua. Vioo viwili hupangwa sambamba vikiachana kwa upana wa kidole hivi au pungufu, na katikati hufungiwa hewa kavu au gesi. Hewa iliyotulia haipitishi joto upesi, na hiyo ndiyo kazi yake pale. Kwenye kingo, vioo hutenganishwa na ukanda mwembamba wa alumini ulio wazi ndani, na ndani ya ukanda huo hujazwa punje za kufyonza unyevu. Punje hizo si ngeni kwako, ni za jamii moja na zile zilizomo kwenye vifuko vidogo ndani ya boksi la viatu vipya. Kisha ukingo mzima huzungushiwa gundi isiyopitisha mvuke, na kipande chote kikaingizwa kwenye fremu. Fremu ikiwa ya mbao, una vitu viwili vinavyozeeka, kila kimoja kwa mwendo wake: vioo vyenye gundi yao, na mbao yenye rangi yake.

Basi na bajaji

Hewa hubeba maji hata kama huyaoni. Ifikirie hewa ya joto kama basi kubwa, na hewa ya baridi kama bajaji. Kwenye nyuzijoto 20, mita moja ya ujazo ya hewa inaweza kubeba gramu 17 hivi za mvuke. Ikipoa hadi nyuzijoto 10, uwezo wake unashuka hadi gramu 9 hivi. Kwenye sifuri zinabaki kama gramu 5. Ukiwahamisha abiria wa basi zima kwenye bajaji, wasiopata nafasi watashuka, na kituo cha kushukia ni kile kitu chenye baridi kuliko vyote chumbani. Mara nyingi ni kioo. Chupa ya soda iliyotoka kwenye friji hulowa nje ikiwekwa mezani Dar es Salaam, na hakuna anayesema chupa imevuja. Dirisha la hapa ni chupa ile ile, ila huku friji ni mtaa mzima.

Abiria ni sisi tunaowapandisha. Chukua chumba cha kulala cha mita za ujazo 30, chumba cha kawaida tu. Hewa yake yote ikiwa na nyuzijoto 20 haiwezi kubeba zaidi ya nusu lita ya maji. Watu wazima wawili wakilala humo usiku kucha, pumzi na ngozi zao peke yake hutoa kiasi kama hicho. Hita zikizimwa usiku, basi linazidi kuwa dogo huku abiria wakizidi kupanda. Ongeza nguo za mashine moja zilizoanikwa sebuleni, ambazo hutoa kama lita mbili. Ongeza maharage yanayochemka saa mbili bila mfuniko. Na wale wanaotumia jiko la mafuta ya taa kupasha chumba joto wajue kwamba kila lita ya mafuta inayoungua huacha hewani maji yanayozidi lita moja kidogo. Unalipia joto na maji kwa pamoja, na moshi wake juu.

Kwa hiyo jasho kwenye kioo lina wazazi wawili, mvuke wa ndani na ubaridi wa kioo. Ukimlaumu mmoja ukamsahau mwenzake, hutafika mbali.

Gusa kwanza, ndipo useme

Kabla hujafungua mdomo kwa mwenye nyumba au kwa muuza madirisha, gusa kioo. Futa upande wa ndani kwa kitambaa kikavu. Maji yakitoka, ni jasho la chumba. Yasipotoka, toka nje ukafute upande ule mwingine. Yakigoma pande zote mbili, yamo katikati.

Jasho la ndani lina tabia yake. Siku ambayo nje ni sifuri na ndani ni nyuzijoto 20, uso wa ndani wa kioo kimoja hukaa kwenye nyuzijoto 5 hivi. Vioo viwili vya miaka ya 1980 na 1990 hukaa kwenye 12 au 13. Vya kisasa, vyenye utando usioonekana wa kurudisha joto ndani, hufika 16 au 17. Sasa, hewa ya chumba chenye nyuzijoto 20 na unyevu wa asilimia 60, yaani basi lililojaa asilimia 60 ya nafasi zake, huanza kushusha maji ikigusa kitu cha nyuzijoto 12. Unyevu ukipanda hadi asilimia 70, huanza kushusha kwenye 14. Vioo vyetu vya zamani viko ukingoni kabisa. Chumba kikiwa kikavu kidogo vinapona, kikiwa na unyevu kidogo zaidi vinalowa vyote.

Hesabu hiyo inaeleza jambo ambalo watu hulishangaa: kwa nini maji hukaa mstari mmoja chini ya kioo huku katikati pakavu? Ule ukanda wa alumini ukingoni hupitisha baridi upesi, na hewa iliyofungwa kati ya vioo, ikipoa, huzama chini. Sehemu ya chini ya dirisha ndiyo yenye baridi kuliko zote. Ukiona mstari huo asubuhi ya baridi kali, halafu ifikapo saa nne umekauka wenyewe, dirisha lako halijaharibika. Ukiona kioo kizima kimelowa mpaka mchana, chumba kina mvuke mwingi mno au joto kidogo mno.

Jasho la nje ndilo linalotisha watu bure. Usiku wa mbingu safi, kioo cha nje hupoteza joto kuelekea angani kama paa la gari linavyofanya, na umande unatua juu yake. Hutokea zaidi kwenye vioo vizuri, kwa sababu joto la ndani halipenyi kukipasha kile cha nje. Waliokaa Muscat au Dubai wameliona hilo kwa sababu nyingine: kiyoyozi kimepoza chumba, hewa ya nje ina mvuke wa bahari, na dirisha linalowa upande wa barabarani. Jua likipanda kidogo linakauka. Liache.

Ukungu wa katikati ni habari nyingine kabisa. Huo hauhusiani na upishi wako, wala kuoga kwako, wala idadi ya watoto ulionao. Jua likiwaka vioo na hewa iliyomo hupanuka, usiku vinasinyaa, na gundi ya ukingoni inavutwa huku na huku miaka nenda rudi. Maji yakituama chini ya kioo ndani ya fremu, gundi inaliwa upesi zaidi. Ikishapata ufa, mvuke unaanza kuingia. Punje hufyonza kimya kimya kwa miezi, pengine miaka, bila wewe kujua lolote, mpaka zinashiba. Siku zikishiba ndipo unaona weupe. Kinachoonekana kama jambo la jana ni uchovu wa muda mrefu. Vipande hivi huishi miaka 10 mpaka 25 hivi, kutegemea vilivyotengenezwa na vilivyofungwa. Chungulia ukanda wa alumini kwa tochi. Viwanda vingi huuchapa mwaka, nao utakuambia umri wa kioo chako bila kumuuliza mtu.

Kutoboa kioo, kukausha ndani na kuziba kwa kifuniko kidogo kunaweza kukurudishia mandhari kwa muda. Punje zilizoshiba zinabaki zimeshiba, na gundi iliyokatika inabaki imekatika. Mimi singelipia. Tiba yenyewe ni kubadilisha kipande cha vioo tu, na fremu ikabaki pale pale ikiwa ni nzima. Muuza madirisha hana haraka ya kukuambia hilo, kwa hiyo nakuambia mimi.

Mbao haisemi mpaka iwe imeshaumia

Mbao ina sifa ambayo watu huinyima. Haipitishi baridi kama alumini, kwa hiyo yenyewe haitoi jasho kwa urahisi. Inachoumia ni maji ya kioo yanayoteremka na kukaa kwenye ubao wa chini, kila asubuhi, kila msimu wa baridi. Rangi ikiwa nzima, maji yanakaa juu yakikusubiri uyafute. Rangi ikishapasuka hata ufa wa unywele pale pembe mbili zinapokutana, maji yanaingia na hayatoki tena, kwa sababu rangi ile ile inayozuia kuingia ndiyo inayozuia kutoka. Mbao ambayo maji yaliyomo ndani yake yanazidi asilimia 20 ya uzito wa mbao kavu kwa muda mrefu ni chakula cha kuvu waozeshao.

Kwa yule mama wa Mombasa nilichukua bisibisi nikaibonyeza taratibu kwenye pembe ya chini kushoto. Rangi ilikuwa nyeupe, safi, imevimba kidogo tu, na mtu angepita mara mia asione kitu. Bisibisi ilizama sentimita mbili bila nguvu, kama kisu kwenye boga lililoiva, na ilipotoka ilikuja na nyuzi za kahawia zilizolowa, zenye harufu ya uyoga. Pembe ya kulia ilikuwa ngumu kabisa. Nje, chini ya ubao, kuna mfereji mwembamba uliochongwa ili maji ya mvua yadondoke yasirudi ukutani, na vitundu vya kutolea maji. Mtu aliyepaka rangi zamani aliviziba vyote kwa brashi. Alitaka dirisha lipendeze, na kila mvua tangu siku hiyo imekuwa ikituama ndani ya fremu.

Ukikuta hali hiyo, usipake rangi juu yake. Kupaka rangi mbao mbichi ni kuufungia uozo ndani. Zibua vitundu kwanza, uiache mbao ikauke kweli, wiki kadhaa za kiangazi ikibidi. Sehemu laini ichongwe kwa patasi mpaka ufike kwenye mbao ngumu. Shimo likiwa dogo, dawa ya kuimarisha mbao na epoksi, ile gundi ya kujazia inayokauka ikawa ngumu, vitatosha. Likiwa kubwa, seremala akate na kuunga kipande kipya cha mbao, kazi ambayo fundi mzuri anaifanya usione kiungo. Rangi ya mwisho ipande juu ya kioo kwa milimita mbili hivi ili izibe mwanya kati ya kioo na mbao. Na ikiwa vioo ni viwili, fundi asitumie puti ya kale ya mafuta ya kitani, kwa sababu mafuta yake huila gundi ya ukingoni. Muulize kabla hajaanza.

Kuvu mweusi kwenye pembe futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni au dawa ya kuua kuvu, watoto wakiwa chumba kingine na dirisha likiwa wazi. Usipige brashi kavu, utairusha mbegu yake hewani. Usichanganye dawa ya klorini na siki wala na dawa nyingine ya usafi, mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

"Nifungue dirisha wakati nje kuna mvua?"

Ndiyo. Na hapa ndipo akili zetu za pwani zinapotudanganya. Nyumbani, hewa ya mvua ni hewa nzito ya joto, ikiingia ndani hata chumvi inalowa kwenye kopo. Hapa, hewa ya Januari yenye nyuzijoto 5, hata ikiwa na unyevu wa asilimia 90, imebeba gramu 6 tu kwa kila mita ya ujazo. Ni bajaji iliyojaa. Ikiingia ndani na kupashwa joto hadi nyuzijoto 20 inageuka basi lenye abiria walewale wachache, na unyevu wake unakuwa asilimia 35 hivi. Inaingia ikiwa na nafasi tele ya kubeba mvuke wako na kutoka nao. Dakika 10 asubuhi, madirisha ya pande mbili za nyumba yakiwa wazi kabisa, hubadilisha hewa bila kupoza kuta. Kuacha upenyo mdogo mchana kutwa hupoza ukuta unaozunguka dirisha, na ukuta wenye baridi ndio kuvu anaoupenda.

Bakuli la chumvi dirishani halifanyi kitu cha maana. Vile viboksi vya dukani vya kufyonza unyevu hukusanya maji kidogo kwa wiki nzima, huku familia ikitoa lita kadhaa kwa siku. Vinafaa kabati, havifai chumba. Mashine ya kukausha hewa ndiyo yenye nguvu hiyo, hasa chumba cha kuanikia nguo kikiwa kimefungwa mlango. Pazia zito lililobanana na kioo hufanya kinyume cha unavyotaka, kwani huzuia joto lisifike kwenye kioo lakini halizuii mvuke. Funika sufuria. Washa feni ya bafuni uiache kama dakika 20 baada ya kuoga. Kile kitundu cha hewa juu ya fremu, ambacho wengi tumekiziba kwa gazeti, kizibue. Na nunua kipima unyevu. Ni kidude kidogo cha bei nafuu, nacho kitamaliza ubishi ndani ya nyumba: kikisoma kati ya 40 na 60 mko salama, kikikaa juu ya 70 siku nzima kuna jambo la kushughulikia.

Wapo wanaoamini madirisha mapya humaliza yote. Hupunguza sana jasho la ndani la kioo, kweli. Lakini mvuke usiotolewa nje hutafuta kituo kingine, na kituo hicho ni pembe ya ukuta nyuma ya kabati, mahali usipopaona.

Sasa turudi kwenye sheria. Awaab Ishak alikuwa mtoto wa miaka miwili, wazazi wake wakitokea Sudan. Alifariki Rochdale Desemba 2020, na Novemba 2022 uchunguzi wa mahakama ulithibitisha kwamba kilichomuua ni maradhi ya kupumua yaliyotokana na kukaa muda mrefu kwenye nyumba yenye kuvu. Wazazi walikuwa wamelalamika mara kwa mara. Wenye nyumba walidhania kwamba tatizo ni namna familia inavyoishi na inavyooga, na baadaye walikiri kwamba walikosea. Mimi nikisikia mtu anamwambia mama wa Kiswahili "mnapika sana" kabla hata hajagusa kioo, moyo unanipasuka.

Sheria yenye jina lake haisemi kila dirisha lenye jasho libadilishwe. Inahusu nyumba za halmashauri na mashirika ya makazi ndani ya England, na ilianza na unyevu na kuvu unaohatarisha afya, pamoja na hatari za dharura. Hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24. Hatari kubwa isiyo ya dharura ichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, na uchunguzi ukithibitisha, nyumba ifanywe salama ndani ya siku 5 za kazi zinazofuata. Wapangaji wa watu binafsi bado hawajaingizwa kwenye ratiba hiyo. Unapoandika malalamiko, andika ulichokigusa: jasho ndani, au ukungu katikati, au mbao iliyooza, pamoja na picha, tarehe na namba za kipima unyevu. "Dirisha linavuja" ni rahisi kulikataa. "Ukungu kati ya vioo, mwaka 1993 umechapwa kwenye ukanda" ni vigumu.

Nyumbani kwetu kipande cha chumba cha watoto kilibadilishwa mwezi Machi. Fundi alikitoa kile cha zamani, akakilaza uani juu ya blanketi, akaukata ukanda wa alumini pembeni. Punje zilipaswa kumwagika kama mtama. Zilitoka zimegandamana, mabonge mabonge yaliyolowa, na maji kama kijiko kimoja cha chai yakafuata.